Anataka wageni wa Krismasi

Kikwajuni, Unguja
10 Desemba

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto hapo Tanga. Huku sote wazima. Kaskazi imeshaingia, joto halisemeki, na maembe yamejaa Darajani.

Kuna jambo limenikaa rohoni tangu juzi, nikasema lazima nikuandikie. Si unajua tunakaribia kufunga skuli? Basi niliwagaia watoto wangu wa darasa la tatu karatasi, kila mtu aandike anachokitamani likizo hii. Wengi baiskeli. Wengine kwenda Pemba kwa bibi. Nikaifikia karatasi ya binti mmoja Mkristo, mtoto wa fundi seremala. Penseli kaikandamiza mpaka karatasi imetoboka. Kaandika: "Naomba siku ya Krismasi waje watu kwetu kama ninavyokwenda mimi kwao Idi."

Shoga, nilikaa kitako. Mtoto huyu Idi haimpiti. Anavaa gauni lake jipya, anazunguka nyumba za wenzake, anapewa mkono wa Idi kama wao, jioni wanakwenda wote Mnazi Mmoja kwenye bembea. Ikija Krismasi, anakwenda kanisani Mkunazini na wazee wake, anarudi, hakuna anayebisha hodi. Wenzake hawana ubaya wowote, hawajui tu kama wanangojewa. Kwangu mimi hilo ni ombi kubwa kuliko baiskeli zote za darasa.

Siku ya pili nikamsimamisha mbele awaeleze wenzake sikukuu yao. Akaanza kwa aibu, macho chini. Akasema kanisa lao limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Nikamsaidia hapo: soko lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka uleule ndipo lilipowekwa jiwe la msingi. Darasa likanyamaza. Halafu akasema, "Na ndani kuna nguzo zimesimama kichwa chini!" Hapo basi tena! Kila mtu anauliza lake. Akawasimulia kama alivyosimuliwa yeye, kwamba Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi wa kanisa hilo, alikuwa safarini, mafundi wakazisimamisha kinyume, naye aliporudi akaziacha vilevile. Ungemuona alivyokuwa akionesha kwa mikono! Aibu yote imemtoka, na wenzake wanamgombania akae nao. Sasa wote wanataka kwenda kuziona hizo nguzo, na wanamuuliza Krismasi ni siku gani hasa.

Jioni nikapita kwao. Mama yake akanambia miaka yote haaliki kwa kuogopa, asije akawatia watu mashaka katika chakula. Nikamwambia, mbona hilo jepesi, kuku achinje jirani. Akacheka, akasema jirani ndiye anayewachinjia siku zote, na mkewe ndiye aliyemfundisha pilau. Tukakubaliana: yeye atapita kwa wazazi mwenyewe kuwaalika, kwa sababu mwaliko wa sikukuu haupitishwi kwa mwalimu, na mimi nitawachukua watoto baada ya ibada.

Usimwambie mtu, lakini binti bado hajui. Mama yake kaniuliza mchele kilo ngapi utatosha. Nimemwambia aongeze, maana wale wa darasa la nne nao wameshasikia habari za nguzo.

Nisalimie shemeji.

Shoga yako wa Kikwajuni