Barua kwa Shamsa kuhusu fomu ya hisa

Shoga yangu Shamsa,

Nakusalimu sana, nikitaraji wewe, bwana na watoto hamjambo. Sisi huku Likoni tu wazima, isipokuwa joto. Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni ile fomu ya kununulia hisa za Safaricom uliyompa Rehema aniletee. Ameifikisha salama, lakini bado sijaitia saini, na kwa kuwa najua utaudhika, nimeona heri nikuandikie kuliko kupigiana simu tukakatizana maneno.

Unataka pesa zote za chama ziingie kwa mkupuo kabla daftari la wanahisa, yaani orodha ya watakaolipwa, halijafungwa, tupokee gawio, ule mgao wa faida ya kampuni, kisha tuuze. Tuseme bei ni shilingi 20 na tumenunua hisa 1,000. Gawio la mwisho likiwa senti 65 kwa hisa, kama lilivyokuwa kwa mwaka wa fedha wa 2024, tutapata shilingi 650, na kodi ya asilimia 5 ikishakatwa zitabaki 617.50. Ada za dalali na tozo za soko zikikaribia asilimia 2, kununua kutakula kama shilingi 400, na kuuza kama 400 nyingine. Hapo sijagusa jambo lenyewe: siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, wanunuzi huteremsha bei yao kwa kadiri ya kile watakachokikosa. Faida tunayoikimbilia iko wapi?

Isitoshe, uhamisho wa hisa hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya biashara kufanyika, kwa hiyo atakayenunua siku ya daftari kufungwa jina lake halitaingia. Kibwana, huyo mshauri wako, hakukwambia hilo. Lakini Kibwana ni mtu wa kukimbilia feri wakati geti linafungwa, na sioni kwa nini soko la hisa la Nairobi limbadilishe tabia.

Usidhani napinga kununua. Ninachopinga ni tarehe kutuamulia. Hisa hizi hizi ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 mwaka 2008, na mwaka uliofuata zilipatikana kwa chini ya 3. Aliyezinunua Agosti 2021 alilipa zaidi ya shilingi 40, na kabla ya mwaka 2023 kwisha aliziona chini ya 15. Ukilinganisha na tofauti hizo, senti 65 ni kitu gani? Nakubali kwamba wakati ule hakuna aliyejua mwisho wa kushuka ni wapi, na wapo waliongoja bei ishuke zaidi mwaka 2009 hata ikawapita. Ndiyo maana sikuombi tungoje bila kikomo. Nataka tugawe pesa katika mafungu, tununue kwa miezi kadhaa, na kila mara tumpe dalali bei ya juu kabisa tuliyo tayari kulipa. Bei ikizidi hapo, pesa zibaki benki.

Hilo la kutaja bei nalisisitiza zaidi kwa ile kampuni ndogo uliyoiandika chini ya fomu. Safaricom ina wauzaji wengi kila siku, ilhali ile huenda ikapitisha siku nzima bila hisa kubadilisha mikono. Ukimwambia dalali anunue kwa bei yoyote, atamaliza hisa za muuzaji wa kwanza, aende kwa wa pili aliye ghali zaidi, na sisi wenyewe ndio tutakuwa tumeipandisha bei. Kikomo cha soko, kwamba bei isipande wala kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, hakitatusaidia sana, kwani hata asilimia 10 ni kubwa kuliko hizo senti 65 kwa hisa ya shilingi 20.

Nirudi kwenye saini. Fomu iliyo wazi mahali pa bei sitaitia saini. Ukiniletea yenye bei na fungu la kwanza tu, nitaitia siku hiyo hiyo.

Sasa nijibu haya: wanachama wanajua kwamba mnakusudia kuuza baada ya gawio, au wanadhani tunaweka akiba ya miaka? Mwenzetu Mama Zuhura atahitaji pesa zake lini? Dalali anatutoza asilimia ngapi hasa? Na bei gani ungeridhika kulipa, wewe mwenyewe, Kibwana akiwa hayupo? Mpe Rehema majibu Jumatatu, maana atavuka tena kuja huku.

Wako,
Mwanaisha