Hii si chaki ya ubaoni, ni rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji niseme na waandaaji wa maonyesho ya picha hapa nchini, na walimu wa sanaa kama watanisikia. Mwezi uliopita nilipeleka picha tatu kwenye maonyesho fulani jijini Dar es Salaam. Kijana aliyekaa mezani alinipokea vizuri, akaniamkia, akanivutia kiti. Alipoinamia kioo cha fremu akaniuliza nimechorea nini. Nikamwambia pasteli, yaani vijiti vya rangi kavu. Akafungua karatasi yake ya masharti, akasoma, akasema, "Samahani mzee, tunapokea picha za rangi. Michoro ya chaki hatupokei." Nikapanda basi la jioni nikarudi Morogoro na picha zangu mapajani.

Kijana yule sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na hilo neno lililoandikwa kwenye karatasi yake.

Mimi ni mchora mabango. Kwa miaka 22 nimeandika kuta za maduka, vibanda vya vinyozi, milango ya malori na majina ya gesti, yote kwa rangi ya mafuta na thina. Mashine za kuprinti mabango zilipoingia mjini zilinikuta tayari nimeshaanza kuondoka, kwa sababu ya kifua. Usiku kilikuwa kinapiga filimbi mpaka mama watoto anawasha taa. Daktari aliniambia thina na mimi basi. Mteja mmoja niliyekuwa nimemwandikia bango la gesti yake alisikia habari hiyo, akanipa boksi la pasteli laini, vipande 36, karibu vyote vimekatika. Hiyo ilikuwa 2019. Tangu hapo nachora kila siku, na picha nilizozipanga kwenye sanduku la bati zimepita 1,500.

Nachora kitu kimoja tu: Milima ya Uluguru, kutoka kwenye baraza ya nyumba yangu hapa Kihonda. Saa kumi na mbili kasorobo nimeshakaa. Mlima uko mbele yangu upande wa kusini, jua linachomoza mkono wangu wa kushoto, kwa hiyo mwanzoni mlima wote ni bonge moja la giza, hauna bonde wala mti. Nakilaza kipande cha zambarau kwa ubavu na kukiburuta juu ya karatasi, taratibu, bila kukandamiza. Juu yake napitisha bluu. Hapo ndipo nilipohangaika mwaka mzima, maana mchora mabango amefundishwa kulainisha. Kila nikiweka bluu, kidole kinakwenda chenyewe kusugua. Ukisugua sana, vijishimo vya karatasi vinaziba, chembe za rangi zinalala, na ule mng'ao unakufa. Unabaki na kitu kama vumbi la ukutani. Ukiiacha bluu ikae juu ya zambarau bila kuigusa, ukasogea nyuma hatua tatu, jicho lako lenyewe linazichanganya, na mlima unaanza kupumua.

Kisha mwanga unagusa migongo ya vilima upande wa mashariki. Ni mstari wa chungwa, mwembamba kama uzi, na haukai dakika kumi. Nautafuta kwenye boksi kabla haujaja, nakishika kipande mkononi, nangoja. Unachorwa kwa mkono mmoja, mara moja. Ukiurudia umeuharibu, maana chungwa litaokota zambarau ya chini na kugeuka kahawia. Siku nyingi nimeuharibu. Kesho yake nakaa tena.

Karatasi ya pasteli lazima iwe na meno ya kushika unga. Zile zenyewe ni ghali na hapa kwetu hazipatikani, kwa hiyo mazoezi ya kila siku nayafanyia kwenye msasa wa maji, ule wa mafundi wa kupulizia magari rangi, namba 400. Picha ya kuuza naitafutia karatasi nzuri ya kudumu. Msasa una faida yake: ni mweusi, na kwenye karatasi nyeusi alfajiri unaikuta tayari imeshaanza, unaongeza mwanga tu. Wazee wanajua kwamba kabla ya msasa wa dukani kulikuwa na mti wenyewe, msasa, ambao majani yake makavu mafundi seremala waliyatumia kulainishia mbao. Nikipitisha rangi na kusikia ule mkwaruzo, namkumbuka marehemu baba na majani yake kwenye karakana.

Sasa hilo neno chaki. Chaki za shuleni siku hizi nyingi ni jasi, jamii ya plasta wanayofungia mguu uliovunjika. Pasteli laini ni unga wa rangi wenyewe, uleule unaotiwa kwenye rangi za mafuta na za maji, ukachanganywa na unga mweupe kidogo na gundi ya mti kiasi cha kuushikisha tu, ukaviringishwa na kukaushwa. Tofauti iko kwenye kinachoushika. Kwenye rangi ya mafuta unga umezama ndani ya mafuta. Kwenye pasteli uko wazi, na ndiyo maana unang'aa vile.

Na haukuanza jana. Kule Ufaransa, mchoraji Chardin alichora kwa rangi za mafuta karibu maisha yake yote. Uzeeni macho yakamsumbua, akahamia kwenye pasteli, na 1771, akiwa ameshavuka miaka 70, akajichora mwenyewe amevaa miwani yake. Picha hiyo iko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Humohumo ipo picha ya Madame de Pompadour, kipenzi wa mfalme wa Ufaransa, aliyoichora mchoraji La Tour, iliyoonyeshwa hadharani 1755, urefu wake kama wa mtu mzima aliyesimama, karibu yote pasteli. Mafuta hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda. Pasteli haina mafuta, basi imekaa zaidi ya miaka 250 nyuma ya kioo na rangi zake zipo. Habari ya Chardin niliisoma mara mbili, nikafunga kitabu, nikatoka nje. Mtu aliyefukuzwa na rangi yake akapata nyingine, akaendelea na kazi: sikujua kama kuna mwingine.

Nyumbani kwetu pia tuna mfano. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya dukani ya kupakia baiskeli, juu ya hadbodi. Leo hakuna anayesimama mbele ya picha za Tingatinga akauliza kama rangi ya baiskeli ni rangi.

Najua waandaaji wana hofu moja ya haki: picha hizi hazishikiki. Niliwahi kuzungushia picha moja gazeti, nikaisafirisha kwa basi hadi Dar es Salaam. Nilipoifungua, nusu ya mlima ilikuwa imehamia kwenye gazeti. Tangu siku ile natumia karatasi laini ya kuokea keki, na fundi wangu wa fremu anaweka kijiti chembamba pande zote ili kioo kisiguse unga. Picha zilizokataliwa zilikuwa zimefungwa hivyo, na hazikudondosha hata chembe. Kwa hiyo naomba masharti yabadilishwe mstari mmoja tu: pasteli ipokelewe, ikiwa na fremu na kioo kisichogusa picha. Walimu nao wasimzuie mtoto kwa kumwambia hicho ni cha kuandikia ubaoni.

Kwa wenye vifua kama changu: vumbi lake si la kuchezea. Vaa barakoa, usilipulize kwa mdomo kamwe, inamisha ubao kidogo mbele yako ili unga uanguke chini, na futa kwa kitambaa kibichi. Mimi nimekunja karatasi ya foili kama mfereji chini ya ubao. Mwisho wa mwezi unga wote ulioangukia humo, zambarau, bluu, chungwa na kijani, nautia kwenye kifuniko, nadondoshea maji matone machache, naukanda na kuuviringisha kwenye kiganja, nauanika kivulini siku mbili. Unatoka kipande kimoja cha kijivu ambacho hakiuzwi popote. Wakati wa masika wingu linapofunika kila kitu na mjukuu wangu anauliza, "Babu, mbona leo mlima haupo?", hicho ndicho ninachokichukua kwanza. Cha mwezi huu kiko dirishani, bado kibichi katikati.

Ni mimi,
Mchora mabango wa zamani,
Kihonda, Morogoro