Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mashine ya Marobota na Mengineyo

Ndugu wanachama, kamwene.

Mapato na matumizi yamo kwenye karatasi ya mweka hazina mliyogawiwa mlangoni, na mkaguzi atayasemea mwenyewe. Josho linafanya kazi. Uhimilishaji unaendelea. Muda wangu nautumia kwa swali ambalo wengi mmenisimamisha njiani kuniuliza: kwa nini fedha za chama zimenunua mashine kuukuu ya kufunga nyasi kavu marobota, iliyochubuka rangi, na ile inayong'aa tukaiacha Dar es Salaam.

Sababu ya kununua mnaijua. Mvua zikikata mwezi wa tano, nyasi zinakakamaa upesi, na ikifika Septemba ng'ombe anatafuna mabua na maziwa yanashuka. Sanduku la mbao la kushindilia nyasi kwa miguu ziwe robota limetusaidia sana, na mwenye ng'ombe wawili aendelee nalo. Ila mwenye ekari kadhaa za nyasi za malisho za Rhodes anajua shida yake: vibarua wanashindilia kwa miguu kutwa nzima, huku nyasi ambazo hazijafikiwa zinapigwa jua mpaka majani yanapukutika na kubaki mashina. Chakula kiko kwenye jani.

Robota la pembe nne tulilichagua kwa uzito wake. Kilo 15 hadi 20 kila mmoja wetu anainua, bodaboda anabeba, na siku ya kuuza yanahesabika bila ubishi. Robota la duara lina mamia ya kilo. Usipokuwa na trekta ya kulinyanyua litabaki pale pale lilipoangukia.

Sasa mashine zenyewe. Ile inayong'aa, ya yadi ya Dar es Salaam, ilikuwa imepakwa rangi mpya kila mahali, hadi kwenye minyororo. Mimi rangi juu ya mnyororo inanitia shaka, maana aliyeipaka hakutarajia mnyororo uzunguke. Muuzaji alisema hana trekta ya kujaribia. Tukamwambia haina neno, flaiwili, lile gurudumu zito linaloendesha mashine, inazungushwa kwa mkono. Ilikwenda nusu mzunguko ikagoma. Fundi akamulika tochi kwenye chumba cha kushindilia akakuta sakafu imeliwa na kutu, kama kawaida ya mashine iliyoachwa msimu mzima na nyasi mbichi ndani. Na bado tungeilipia lori la kuipandisha Kitonga.

Ya pili tuliikuta kwenye shamba moja Mufindi, mwenyewe amehamia kwenye saileji, yaani majani mabichi yaliyovundikwa. Tairi moja limekwisha, bati la pembeni limepinda. Fundi hakuangalia bati. Alitia kamba, akaachia mkono wa kupimia urefu wa robota, akazungusha flaiwili polepole, nasi tukiwa tumeinama kutazama. Sindano mbili zikapanda pamoja kutoka chini, zikakabidhi kamba juu kwenye vifunga fundo. Ndoano ikajizungusha, ikafumbata kamba, kisu kikakata, mkono wa kupangusa ukalivua fundo. La kulia lilishika; la kushoto likaachia, ncha zake zimechanika kama ufagio. Kisu butu, akasema. Akakinoa pale pale, akarudia, likashika. Kasoro hiyo ndiyo tuliyoitumia kupunguza bei, na mweka hazina wetu kwa kupatana bei hana mpinzani.

Mwenye shamba akaifunga kwenye trekta, shafti ya trekta inayoizungusha ikawekwa mizunguko 540 kwa dakika, tukafunga marobota ya kweli kwenye nyasi za kweli. Mashine inayouzwa ikiwa imesimama, chama hiki kisiinunue, hata kwa mwenyekiti ajaye. Kuhusu umri wake, kifunga fundo alikibuni Mmarekani John Appleby katika karne ya 19 kwa ajili ya miganda ya nafaka, na kanuni yake ni ile ile hadi leo. Kuukuu iliyotunzwa inafunga sawasawa na mpya.

Bado kuna kazi. Kisu cha pistoni, ile inayokwenda na kurudi kushindilia nyasi, kinatakiwa kipishane na kile cha ukutani kwa pengo la chini ya milimita moja, na chetu kimeachana zaidi ya hapo. Fundi atakirekebisha kabla ya msimu. Bolti ya flaiwili imewekwa makusudi ikatike mashine ikizidiwa. Atakayeweka bolti ngumu ili isikatike atalipia giaboksi. Kamba tutatumia ya mkonge, kwa kuwa nailoni ng'ombe akiimeza inakaa tumboni. Na kamba ikijisokota, zimeni trekta, subirini flaiwili isimame kabisa ndipo mguse. Flaiwili inaendelea kuzunguka hata baada ya injini kunyamaza, na pistoni haichagui nyasi na mkono.

Nyasi zikauke kweli. Robota lenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20 linaota ukungu, linapata joto kwa ndani, na ghala zima linaweza kuwaka. Asiye na kipimo achukue chupa kavu yenye mfuniko, atie nyasi zilizokatwakatwa na kijiko cha chumvi kavu, atikise dakika chache. Chumvi ikishikana, mashine haiji kwako siku hiyo. Na umande wa Juni mnaujua, kabla ya saa nne asubuhi msituite.

Zamu zitaanzia kwa walio ukanda wa chini, kwao kunakauka mapema. Wa huku juu kwenye ukungu watafuata. Majina yaandikwe kwa katibu kabla ya mwisho wa Aprili, pamoja na malipo ya kutangulia. Ada kwa kila robota mtaipigia kura leo. Pendekezo la kamati ni kwamba sehemu yake iwekwe akiba ya spea na isiguswe kwa jambo lingine lolote. Shamba langu liko mwisho wa orodha, kwa hiyo mnaonipigia usiku niwatangulize, nendeni kwa katibu.