Hamisi, zipige picha na ishara za reli

Mpenzi rafiki yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, natumai nawe u mzima pamoja na wote hapo nyumbani. Picha zako zimefika na nimezitazama moja moja. Vichwa vya treni umevipiga vizuri mno, ila sikuona hata ishara moja, wala swichi ya kubadilishia njia, wala kibanda cha mlinzi wa kivuko. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie leo.

Treni ikikupita utaipata nyingine. Ishara ya mkono, yaani ubao mrefu juu ya mlingoti unaomwonyesha dereva apite au asimame, ikishang'olewa, basi. Palipokuwa na mlingoti, waya na mkono mwekundu, siku hizi inasimama taa, na kwenye njia nyingine hata taa hakuna, dereva anasoma kila kitu kwenye skrini.

Ukibahatika kuipata ya mkono, vuta kwa lenzi ndefu mpaka uone vioo vya rangi mbele ya taa na mahali waya unaposhikia. Mkono ukilala sawasawa, treni isimame. Zamani Uingereza mkono ulikuwa ukishuka kuruhusu treni ipite. Januari 1876, pale Abbots Ripton, theluji iliganda kwenye mikono, ikabaki imeshuka. Dereva wa treni ya abiria akaja kasi akiamini njia ni nyeupe, akaigonga treni ya makaa. Miaka ya baadaye zikaenea ishara za mkono unaoinuka: waya ukikatika, uzito wa mkono wenyewe unaurudisha kwenye kusimamisha. Ndiyo maana nataka mkono huo wote uonekane kwenye picha!

Taa nazo zina mambo yake. Nyingi za LED huwaka na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, hivyo kwa shata ya 1/1000 ya sekunde unaweza kupata taa iliyokufa. Shuka hadi 1/125, upige kadhaa mfululizo. Na ukitaka kijani na treni katika picha moja, bonyeza kabla injini haijaufikia mlingoti. Kwenye njia nyingi kuna umeme mdogo unaopita ndani ya reli. Magurudumu ya mbele yakishaingia, umeme huo haufiki tena kwenye mtambo, na taa inageuka nyekundu.

Reli zenyewe zipige jua likiwa chini. Inayotumika kila siku inang'aa, iliyoachwa imeshika kutu.

Tafuta kazi za O. Winston Link, Mmarekani aliyepiga treni za mvuke za kampuni ya reli ya Norfolk and Western usiku, kati ya 1955 na 1960, kwa balbu za flashi alizozipanga mwenyewe. Mimi napenda zile ambazo watu wanaendelea na shughuli zao huku treni ikipita nyuma yao.

Lakini usikanyage kati ya reli, Hamisi, hata kwa sekunde. Treni ni pana kuliko reli zake, na inayokuja mbele yako husikii mlio wake mpaka imekaribia. Penye nyaya za juu usinyanyue stendi ya kamera: umeme wa volti 25,000 unaweza kuruka bila kuguswa. Simama kwenye jukwaa au darajani, na uombe ruhusa.

Nitumie za ishara tu safari hii, hata kama hakuna treni ndani yake.

Wasalaam,
Rafiki yako Zuberi