Barua kutoka New Bedford: vitabu vya nyangumi

Khadija mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Mama mpe shikamoo yangu na Babu pia, sisi huku wazima alhamdulillah, ila baridi tu, saa kumi na nusu jioni kiza kishaingia na mtu akitoka nje masikio yanauma.

Ulinitaka vitabu vya watoto wa darasa lako, vya bahari, sio kila siku simba na tembo ambao hata hawajawaona. Nimevipata, viwili vya picha na kimoja kikubwa chako wewe, vyote vya nyangumi, sa nataka nikueleze mbona nyangumi.

Mji huu wa New Bedford, huku Marekani, ulitajirika kwa nyangumi. Kabla watu hawajaanza kuchimba mafuta ardhini kule Pennsylvania 1859, taa na mishumaa ya wenye uwezo ilikuwa ya mafuta ya nyangumi, na meli za kuwavua zilitoka hapa zikakaa baharini miaka mitatu minne, nyingine zikafika mpaka Unguja. Kuna mmoja, J. Ross Browne, alikuwa baharia kwenye meli hizo, akaishi Unguja kidogo, akaandika kitabu 1846 kuhusu mateso ya mabaharia na mambo aliyoyaona huko. Wallahi nilipolisoma jina la Unguja kwenye kitabu cha nyangumi nilisimama nikatembea chumbani.

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu Salim makumbusho ya nyangumi hapa mjini. Juu darini wametundika mifupa ya nyangumi wa buluu, mita 20 hivi, na bado alikuwa kijana hajakomaa, aligongwa na meli 1998. Mifupa mpaka leo inatona mafuta! Wameiwekea chombo cha kuyakinga, mafuta yenyewe rangi ya kahawia kama samli iliyoungua. Salim alikaa hapo chini haondoki, akaniuliza haya yanapikiwa? Nikamwambia hapana mwanangu, yalikuwa yanawashiwa taa. Akanyamaza, kisha akasema, basi kila nyumba ilikuwa na nyangumi ndani.

Sasa vitabu. Cha kwanza cha picha ni Moby-Dick iliyofupishwa kwa watoto, ile hadithi ya nahodha Ahab aliyekatwa mguu na nyangumi mweupe akamfukuza bahari zote mpaka meli ikazama. Picha zake nzuri ila nyangumi kachorwa na macho ya hasira na meno kama misumari, Salim alilala na mimi siku mbili. Cha pili ni kinyume, nyangumi anacheka, anaimba, anambeba mtoto mgongoni. Nimekaa nikavitazama vyote viwili pamoja na roho haikutulia, manake mmoja jini mmoja mwanasesere, na nyangumi mwenyewe hayupo.

Ndo nikachukua kile kikubwa, chenyewe, alichoandika Herman Melville 1851, sura 135. Nilidhani sitakimaliza. Anayesimulia anajiita Ishmael, yaani Ismail, na mwanzoni kabla hawajasafiri anaingia kanisani hapa hapa New Bedford anasikiliza hotuba kuhusu Nabii Yunus. Nilikumbuka chuoni kwetu, mwalimu anatusomesha ile dua aliyoomba Yunus akiwa tumboni mwa samaki, na mmung'unye Mungu aliomuoteshea apate kivuli alipotemwa pwani hana nguvu. Yule mhubiri yeye anakazania kwamba Yunus alimkimbia Mungu akapanda jahazi la watu, sisi tulikazaniwa ile dua.

Lakini Khadija, sura ninayotaka usome ni ya 87, nimeikunja ukurasa pembeni. Wako karibu na Sumatra, wamekuta kundi kubwa la nyangumi wale wa kichwa kikubwa, ndo hao hao wanaotoa ambari aliyokuwa Bibi akiipenda kwenye udi. Chombo kidogo cha wavuvi kinavutwa na nyangumi aliyepigwa chusa mpaka kinajikuta katikati ya kundi, na pale katikati bahari shwari kabisa kama ndani ya gudulia. Watoto wa nyangumi wanakuja mpaka ubavuni mwa chombo, Queequeg yule mpiga chusa anawapapasa vichwa, Starbuck, msaidizi wa nahodha, anawakuna mgongo kwa mkuki wake. Wakiinama kutazama chini maji ni meupe, wanawaona kina mama wananyonyesha. Queequeg akaona kamba chini akadhani kuna aliyechomwa chusa tayari, kumbe ni kitovu, mtoto kazaliwa sasa hivi bado kafungamana na mamake. Nilisoma hapo Salim kalala ubavuni kwangu, nikafunga kitabu kwanza.

Na kwenye kile cha watoto sura hiyo yote wameikata! Wamebakisha mguu na damu. Sijui nani aliona watoto hawaitaki.

Sura ya 81 soma mwenyewe, usiwasomee. Wanamfukuza nyangumi mzee, kipofu, pezi moja limekatika, na Melville anasema lazima afe ili harusi za watu na makanisa yapate mwangaza, wanamuua, kisha anazama, hawapati hata tone. Yeye mwenyewe alikuwa baharia wa nyangumi tangu 1841, na hafichi ukatili.

Wale kina mama wa sura 87 ni kama hao wanaopita kwetu, sio aina moja lakini, wa kwetu ni wale wa nundu. Wanatoka baridi ya Antaktika, msimu wa kusi, Julai hivi mpaka Septemba, wanaonekana Watamu na Malindi, wanakuja kuzaa na kunyonyesha kwenye maji yetu ya moto. Bahari ya Hindi iliwekwa kuwa hifadhi yao tangu 1979, na uvuvi wa biashara ukasimamishwa dunia nzima 1986, ingawa Japani na Norwei bado wanavua. Watoto wako wanakaa na hao nyangumi karibu kuliko Salim anayetazama mifupa, na mimi sijaona kitabu hata kimoja chao kwa Kiswahili.

Kwa hiyo nakuomba. Sura 87 wasimulie kwa Kiswahili chako, usiwatafsirie neno kwa neno, wasimulie vile Babu anasimulia, wakae chini kwenye mkeka. Kisha Babu mwenyewe mlete darasani. Yule alishaona nyangumi zaidi ya mara moja akienda Kiwayu na jahazi, na hakuna aliyeandika. Washa simu umrekodi, hata akirudia rudia mwache, wewe andika, watoto wachore, mimi huku nitatafuta pesa ya kuchapisha hata nakala hamsini.

Begi anakuja nalo jirani yangu wa Mombasa mwisho wa mwezi, atalikabidhi kwa mtu wa basi, vitabu viko chini kabisa nimevifunga kwenye leso ya Mama, usije ukaitupa leso hiyo.

Na Babu muulize, yule nyangumi wa kwanza aliyemuona alikuwa na mwana au alikuwa peke yake? Alinihadithia nikiwa mdogo, hapo ndo nimesahau.

Dadako,
Mwanaisha