Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Chake Chake

Assalaam alaikum, ndugu wanachama.

Hesabu atazisoma mshika fedha. Mwaka tumeufunga bila deni. Mimi nizungumzie lililotukusanya: maradhi ambayo madaktari huyaita "malignant hyperthermia", yaliyomo katika baadhi ya koo zetu, yaani familia ambazo mtu huingia operesheni ya kawaida, akapewa nusukaputi (dawa ya usingizi), misuli ikakakamaa, joto likampanda kwa kasi, akatolewa maiti.

Mwaka huu tulipita Wete, Micheweni na Mkoani tukiwaomba wazee watutajie jamaa waliofia chumba cha upasuaji. Wengi walisita. Bibi mmoja alinyamaza mpaka chai ikapoa, kisha akakunja vidole: kaka yake, mtoto wa dada yake, mjukuu wa ami yake. Hajapata kuulizwa. Kifo ni kadari, hatubishani, lakini kukificha kunawaponza watoto.

Maradhi haya hurithiwa. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuyachukua. Mara nyingi hitilafu iko kwenye jeni (chembe ya urithi) iitwayo RYR1, inayohusika na kalsiamu ndani ya misuli. Kwa kawaida mtu haumwi chochote mpaka avute dawa za usingizi za mvuke kama halothani, isofluraini au sevofluraini, au achomwe saksamethoniamu, sindano ya kulegeza misuli. Na asidanganyike aliyepita salama mara ya kwanza. Wapo waliogeukwa mara ya pili au ya tatu.

Mwaka 1960 madaktari wa Melbourne, Australia, waliandika habari za kijana aliyevunjika mguu, akaiogopa nusukaputi kuliko mguu wenyewe, kwani jamaa zake kumi walikufa baada ya kupewa etha, dawa ya usingizi ya zamani. Akapewa halothani, hali ikachafuka vilevile, wakampoza kwa barafu, akapona. Dunia ilianza kuyajua maradhi haya kwa sababu ukoo ule ulihesabu maiti zake na kijana akasema.

Dawa yake ni dantrolini, miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito. Chupa ya miligramu 20 huchanganywa na mililita 60 za maji ya sindano. Mtu wa kilo 60 anahitaji chupa nane kwa kuanzia tu, na zote zitikiswe huku dakika zinakwenda. Ndiyo maana kamati inataka mwakani tuombe akiba yake iwekwe kisiwani.

Lakini kinga kubwa ni kusema mapema. Ganzi ya uti wa mgongo, na dawa za usingizi za sindano kama ketamini na propofoli, hazileti madhara haya, kwa hiyo daktari akijua ana njia nyingine.

Kadi za kumwonyesha daktari ziko kwa katibu. Waliopata watoto mwaka huu waandikishe majina ya watoto hao leo kabla hatujatawanyika.