Zile soda za arusi ya dada yako

Langoni, Lamu

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama anakusalimia na anauliza kama baridi ya Nyahururu imekuachia mgongo. Huku kaskazi imeshika, hata usiku kuta za mawe zinatoa joto, na friji ya dukani haipumziki.

Nakuandikia kwa jambo lililonikaa moyoni. Unayakumbuka yale makreti ya soda ya arusi ya dada yako? Yalishushwa gatini kutoka Mokowe saa sita mchana, yakakaa juani mpaka Shee alipokuja na punda wake wawili, akayapitisha vichochoroni hadi kwenu Mkomani. Hata hayajatua vizuri pale dakani, mimi na wewe tukaanza kufungua, maana wageni walikuwa wameshaketi. Chupa ya kwanza iliruka ikamlowesha kanzu mzee wa upande wa bwana arusi. Ya pili vilevile. Kufikia ya kumi sakafu ilikuwa imeshika utamu, na mkubwa mmoja akatoka akamwambia Shee kwamba amewakimbiza punda, basi aende zake, ujira hana. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hivi. Aliwageuza punda wake bila kusema neno, na sisi tukanyamaza, opena zi mkononi.

Juzi binti yangu alinijia na swali: kwa nini soda ikitikiswa huruka? Tukatoa mbili kwenye friji, tukazitikisa sawasawa huku tukihesabu mpaka ishirini. Yake akaifungua palepale, povu likamteremkia mpaka kiwikoni. Yangu niliitia kwenye ndoo ya maji ya barafu, nikaiacha nusu saa, ndipo nikaifungua. Ilitoa mlio mfupi tu, na povu halikufika hata mdomoni mwa chupa. Soda ileile, mtikiso uleule. Zuhura, nilishika ile chupa nikamkumbuka Shee.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, na sasa nafahamu kilichotokea. Gesi iliyo ndani ya soda ni kaboni dayoksaidi, ileile inayotoboa vishimo kwenye mkate wa kumimina hamira inapofanya kazi. Mwingereza Joseph Priestley aliikuta mwaka 1767 mjini Leeds, imetanda juu ya mapipa ya kiwanda cha pombe kilichokuwa jirani na nyumba yake. Akaweka maji juu ya pipa, yakaivuta, akayanywa akayapenda. Mwaka 1803 William Henry akaeleza kanuni yake: kadiri gesi inavyogandamizwa juu ya maji, ndivyo maji yanavyoimeza zaidi. Ndiyo maana ile chupa ndogo ya mililita 300 hubeba karibu lita nzima ya gesi, na kizibo ndicho kinachoizuia isitoke.

Lakini maji ya moto hayawezi kuishika. Bila kugandamizwa zaidi ya hewa ya kawaida, lita moja ya maji yenye baridi ya digrii 0 humeza kama lita 1.7 za gesi hiyo. Yakifika digrii 30 humeza kama theluthi mbili ya lita tu. Kwa hiyo soda inayokaa juani pale gatini, gesi yake inahangaika kutoka, na mgandamizo ndani ya chupa unaweza kupita mara mbili ya ule wa chupa iliyotoka kwenye friji. Hilo halikuwa kosa la Shee. Yeye hakuwapo soda zilipokuwa zikichemka.

Na mtikiso je? Hapa ndipo nilipokuwa nikikosea siku zote. Nilidhani kutikisa kunaongeza gesi. Hakuongezi. Gesi iliyo ndani ya maji haiwezi kujitengenezea kiputo kirahisi, inahitaji mahali pa kuanzia, yaani kijihewa kidogo kilichokwisha kuwapo. Mimina soda kwenye glasi uitazame kwa utulivu: utaona uzi wa viputo ukipanda kutoka sehemu moja tu. Mimi nilipochungulia yangu, chini ya uzi ule palikuwa na unyuzi wa kitambaa cha kufutia vyombo. Ndani ya unyuzi kama huo ndimo hewa hujificha. Basi punda anapoteremka ngazi za kichochoro, ile hewa ya shingoni mwa chupa huingia kwenye maji vipande vipande, maelfu ya mianzo. Ukifungua wakati huo, gesi nyingi hukimbilia humo mara moja na kusukuma soda nje. Ukingoja, viputo hupanda juu na vingine huyeyuka, kukatulia.

Kwa hiyo tungeziweka kivulini na kuzitia barafu nusu saa, babu wa watu asingeloa. Waliofungua ni sisi, na haraka ilikuwa yetu.

Na lile ulilokuwa ukiniambia, kwamba soda huchoma ulimi kwa sababu mapovu yanapasuka, silo. Gesi ikichanganyika na maji ya mdomoni sehemu yake hugeuka asidi, na ulimini kuna kimeng'enya, yaani protini ya mwili, kinachoharakisha kugeuka huko. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba seli zinazoonja uchachu ndizo zinazoitambua. Wapanda milima wanaomeza dawa inayokizuia kimeng'enya hicho husema bia yao imepooza, na povu wanaliona kwa macho! Huko kwenu juu, ambako hewa ni nyepesi, soda ikifunguliwa inapata nafasi zaidi ya kuchemka kuliko huku pwani, kwa hiyo ipoze vizuri.

Nimeuliza habari za Shee. Yuko Matondoni, fundi wa majahazi, ana watoto wawili. Jumamosi nakwenda na kreti moja ya soda ndani ya barafu, pamoja na ujira wake wa siku ile. Nusu ya ujira ni yako. Nitumie kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa, na uniandikie kwa mkono wako maneno unayotaka kumwambia, nitampa karatasi yako mwenyewe.

Wako,
Mwanaesha